Nyimbo za matangazo ya shampuu: maswali ambayo hamchoki kuniuliza

Kwa wale hatujajuana, kazi yangu ni kurekodi matangazo ya redio. Studio yetu iko juu ya duka la vipodozi hapa tao, na kwa miaka yote nimekaa kwa hiyo mashine hakuna kitu watu huniuliza kama nyimbo za shampuu. Sio za unga, sio za sabuni ya kufua, ni shampuu tu. Mtu anakuja kurekodi tangazo la hadwea yake, tukimaliza anakaa kwa kochi anaanza, "na ile wimbo ya yule dada wa nywele ndefu, unaikumbuka?" Naikumbuka, ndio. Sasa nimeyaandika yote mahali pamoja, soma ile inakuhusu.

Hizo si ni matangazo tu? Mbona unaziita nyimbo?

Juu ni nyimbo. Hebu fikiria shampuu inauza nini. Inauza harufu, na harufu haipiti kwa TV. Inauza ulaini, na huwezi kupitisha mkono kwa kioo ushike nywele za mtu. Inauza ile raha ya maji ya vuguvugu yakishuka kisogoni na mtu mwingine ndiye anakuosha wewe umefunga macho tu, na hiyo hakuna kamera inaweza kuionyesha. Mwenye unga ataonyesha ugali umeiva, mwenye gari ataonyesha likipanda mlima, lakini mwenye shampuu akishaonyesha povu na nywele zinang'aa amemaliza, yale mengine yote yanabebwa na sauti. Ndio maana watunzi wakubwa kabisa wameitwa kufanya hii kazi, na ndio maana hizo nyimbo zinabaki wakati chupa yenyewe ilishaacha kuuzwa.

Nilikulia Kariobangi, ploti nzima ilikuwa na TV moja, Greatwall isiyo na rangi, na sisi watoto tulikuwa tunaangalia tukiwa tumesimama kwa mlango wa jirani. KTN ilikuwa imeanza tu, 1990, na matangazo ya kutoka nje yalikuwa mengi kuliko tuliyozoea KBC. Wasichana wote tumesukwa matuta ya shule, lakini tangazo la shampuu likiingia tunatikisa vichwa na kuimba maneno ambayo hatujui maana yake hata moja. Melodi tulikuwa tunaijua yote, kila mahali inapanda na kila mahali inashuka.

Nani alikuwa wa kwanza kuimba kwa tangazo?

Ile inayotajwa sana kama ya kwanza kwa redio si ya shampuu, ni ya nafaka za asubuhi, Wheaties, iliimbwa kwa redio ya Minneapolis, Marekani, mkesha wa Krismasi 1926. Upande wa nywele mambo yalishika moto miaka ya 1930 na 1940. Ufaransa, L'Oréal walitoa shampuu ya Dop mwaka 1934, shampuu ya mwananchi wa kawaida wakati ambapo watu wengi walikuwa wanaosha kichwa na sabuni tu, na mwenye kampuni, Eugène Schueller, alikuwa anaamini sana matangazo ya kuimbwa redioni. Dop. Silabi moja, mtoto wa miaka miwili anaitamka, na ukiirudia mara tatu tayari una ngoma.

Alafu kuna Halo. Hiyo ilikuwa shampuu ya Colgate-Palmolive Marekani, na wimbo wake wa miaka ya 1940 ulikuwa unasalimia watu, "Halo, everybody, Halo", yaani jina la shampuu limegeuzwa likawa salamu. Huo naupenda sana kama fundi. Fikiria kila mtu akiinua simu akisema halo anakutajia bidhaa bila kujua! Na sisi hapa "halo" tunaisema hivyo hivyo kwa simu kwa hivyo hata mtu wa Gikomba ukimchezea leo anashika mara moja.

Kati ya zote, gani ni kali zaidi?

Hapa siwezi kuzungukazunguka. Ni ile ya Sunsilk ya Uingereza ya miaka ya 1960, inaitwa "The Girl with the Sun in Her Hair", na aliyeitunga ni John Barry.

Najua wengi wenu hamjui jina, lakini mnamjua. Huyo ndiye alitunga muziki wa filamu nyingi za James Bond, sawa, lakini achana na Bond. Huyo ndiye alitunga muziki wa Born Free, 1966, ile hadithi ya simba Elsa, akina Adamson waliomlea, Meru yetu hapa. Akashinda Oscar mbili kwa hiyo filamu moja, ya muziki na ya wimbo. Miaka karibu 20 baadaye akarudi tena kwa nchi yetu na Out of Africa, 1985, mambo ya Karen na vilima vya Ngong, akashinda Oscar nyingine. Sasa ukisikia vile violini zinafunguka wakati ndege inapita juu ya bonde kwa Out of Africa, hicho kitu, hiyo pumzi ndefu, utaipata tayari kwa tangazo la shampuu alilolifanya kitambo kabla ya hapo. Violini zinaenda polepole, melodi inapanda kidogo inangoja, inapanda tena. Watu waliipenda hadi ikatolewa kama rekodi ya kununua, bila chupa, bila maneno ya biashara.

Kuna watu wakisikia hii wananiambia ati mtunzi mkubwa hivyo alijishusha kufanya tangazo. Mimi naona kinyume. Aliipa shampuu heshima ile ile aliyompa simba, hakuna nota hata moja ameifanya nusunusu, na hiyo ndiyo sababu miaka 60 imepita na bado tunaiongelea. Kijana yeyote akija studio kwetu kujifunza, siku ya kwanza namwekea hiyo kabla hata sijamwonyesha maikrofoni inawashwa wapi.

Ile ya yule msichana kiziwi anacheza violini ni ya nchi gani? Huwa nalia

Na mimi. Hiyo ni ya shampuu ya Pantene, ya Thailand, 2008, inaenda kama dakika nne hivi, karibu filamu fupi. Msichana hasikii, anajifunza violini kwa mzee anayecheza barabarani, wenzake wanamcheka, violini inavunjwa, na bado anapanda jukwaani. Muziki wenyewe ni Canon ya Johann Pachelbel, Mjerumani aliyekufa mwaka 1706, kwa hivyo ule wimbo unaokutoa machozi ni wa zaidi ya miaka 300 iliyopita.

Sikiliza chini, ile besi. Ni nota nane tu, zinarudiwa zile zile mara 28 kutoka mwanzo hadi mwisho, hazibadiliki. Juu yake violini tatu zinafuatana, moja inaanza, ya pili inaingia na yale yale ya kwanza, ya tatu vile vile, kama watoto wakicheza foleni. Kwa hivyo muziki unazidi kujaa na chini hapatikisiki. Sasa weka hiyo kwa hadithi ya mtu anayeangushwa na kuinuka, anaangushwa na kuinuka. Shampuu haitajwi mpaka mwisho na nywele zake zinaruka na upepo mara chache tu. Hapo wimbo haukuja kupamba picha, ndio unasimulia, ukiutoa hakuna hadithi. Kwangu hiyo ndiyo namba mbili baada ya Barry, na kuna siku ni namba moja.

Na ile ya mwanaume anaitwa bosi, mwanamke akifanya vile vile anaitwa mkorofi?

Pantene tena, ya Ufilipino, 2013. Wimbo ni "Mad World" kwa toleo la taratibu. Wenyewe ulitoka 1982 na kundi la Tears for Fears ukiwa wa haraka, wa kucheza, alafu 2001 Michael Andrews na Gary Jules wakaupunguza mwendo kwa filamu moja ukawa wa huzuni, na tangu hapo watu wengi wanaujua kwa huzuni. Tangazo lilienea sana, hata Sheryl Sandberg, aliyekuwa mmoja wa wakubwa wa Facebook wakati huo, alilisambaza. Nguvu ya pale ni huo wimbo wa polepole, juu ungeweka ngoma ya kuchangamka watu wangedhani ni mashindano ya kazini tu.

"Unwritten" ilitungwa kwa ajili ya Pantene?

Hapana. Natasha Bedingfield aliutoa kama wimbo wake wa kawaida 2004, Pantene wakautumia baadaye. Pia ulikuwa wa kufungulia kipindi cha The Hills cha MTV kwa hivyo kila mtu anaukumbuka kutoka mahali tofauti. Na hapo ndio shida ya kukodi wimbo ambao tayari ni hiti, unalipa pesa nyingi na mtu akiusikia anakumbuka eks wake, au kipindi, au mwaka aliomaliza fomu foo, shampuu yako inakuja mwisho.

Ule wa kuosha mwanaume atoke kwa nywele ni tangazo la nini?

Ulianza kama wimbo wa jukwaani, si tangazo. "I'm Gonna Wash That Man Right Outa My Hair", kutoka mchezo wa South Pacific wa Rodgers na Hammerstein, Broadway 1949. Mwigizaji Mary Martin alikuwa anaosha nywele zake kabisa kabisa pale mbele ya watu, maji na povu, kila onyesho, na maonyesho yalikuwa nane kwa wiki. Miaka mingi baadaye Clairol wakaugeuza kwa tangazo lao, wakatoa neno la mwanaume wakaweka mvi. Kwa hivyo tangazo lenyewe lilikuwa la rangi ya kuficha mvi, si shampuu, lakini watu hulichanganya juu wimbo wenyewe ni wa kuosha.

Kuna nchi gani ingine wako vizuri kwa hii mambo?

Japani. Kule wimbo wa tangazo ni heshima, wasanii wakubwa wanautoa kama singo yao kabisa na hakuna mtu anashangaa. Shiseido walipoleta shampuu ya Tsubaki 2006, hilo ni jina la ua la kamelia, wimbo ulikuwa "Dear WOMAN" wa SMAP, kundi la wanaume lililokuwa kubwa sana kule, wakiwasifu wanawake wa Kijapani vile walivyo, wakati matangazo mengi yalikuwa yamejaa sura za Kizungu. Na Kao, kwa shampuu yao ya Asience, walimtafuta mtunzi Ryuichi Sakamoto. Huyo alishinda Oscar pia. Ukipata ile ya Asience akiicheza kwa piano peke yake, kaa chini usikilize, usiosheoshe vyombo.

Mbona karibu zote ziko polepole?

Juu ya kamera. Nywele zikirushwa kwa mwendo wa kawaida zinapita kwa sekunde moja, huoni kitu, kwa hivyo wanapiga picha nyingi zaidi kwa sekunde alafu wanazichezesha kwa mwendo wa kawaida, ndio unaona nywele zinaelea kama ziko ndani ya maji. Sasa huwezi kuweka ngoma ya mbio juu ya kitu kinaelea. Unahitaji sauti ndefu zinazovutwa, violini, sauti ya mwanamke isiyo na haraka. Mapigo ya tatu tatu, kama ya kubembeleza mtoto, yanakubali hapo, na nywele zikibembea zinafuata.

Mbona wimbo wa tangazo hautoki kwa kichwa? Niko nao tangu Jumanne

Pole dadangu. Hii kitu imechunguzwa. Kelly Jakubowski wa chuo kikuu cha Durham na wenzake walichapisha 2016 utafiti uliotumia majibu ya watu kama 3,000, na waliona nyimbo zinazokwama huwa na mwendo wa haraka kiasi, melodi ya umbo la kawaida ambalo sikio linalitarajia, alafu ndani yake kitu kimoja cha kushangaza, kama mruko fulani au kurudia nota kuliko kawaida. Rahisi, na msumari mmoja. Ukiangalia jingo zuri lolote, yaani wimbo mfupi wa tangazo, limejengwa hivyo.

Kuutoa: usikilize wote hadi mwisho, juu kichwa huwa kimekwama kwa kipande. Ama imba wimbo mwingine. Ama tafuna chingamu, na hii si mzaha, watu wa chuo kikuu cha Reading walijaribu 2015 wakaona kutafuna kunapunguza, kwa sababu taya na ulimi ndizo zinazokusaidia kuimba kimoyomoyo na ukizipa kazi ingine zinaacha.

Mbona majingo ya kutafsiriwa kwa Kiswahili yanasikika vibaya?

Asante kwa kuuliza hii, hii ndiyo naijali kuliko zote hapo juu.

Kiswahili mkazo wake unakaa silabi ya pili kutoka mwisho. NYWE-le. POvu. ManuKAto. Neno letu linainuka alafu linashuka kidogo, karibu kila neno. Kiingereza kina maneno mengi mafupi ya silabi moja, hair, shine, clean, kwa hivyo mistari yao inapenda kuishia juu, pigo la mwisho kali, pa! Sasa mteja analeta wimbo kutoka nje, melodi imeshafungwa, anakupa karatasi ya maneno ya Kiswahili anasema jaza humo. Unafika mwisho wa mstari pigo kali linaangukia -LE. Unaimba "nywe-LE". Hakuna mtu Nairobi, hakuna mtu Mombasa, hakuna mtu popote anasema nyweLE. Sikio la mama aliye jikoni halijui kanuni za sarufi lakini linajua hapa kuna mgeni, na linaacha kusikiliza.

Nimeketi na wateja nikawaeleza hii kitu, nimewaimbia vyote viwili pale pale. Kuna mmoja alikataa, akasema wakubwa wa nje wameshalipia ile melodi, tukarekodi hivyo hivyo na waimbaji walikuwa wazuri sana lakini kila nikiisikia kwa matatu moyo unaniuma. Kiswahili ni lugha iliyozaa mashairi ya mizani na vina kwa karne nyingi, watu wa Lamu walikuwa wanahesabu silabi kabla hiyo redio haijaota. Haihitaji kujazwa kwa chupa ya mtu mwingine. Wimbo uanzie kwa lugha, melodi ifuate vile neno linatembea.

Ndio maana hata ile Halo huwezi kuitafsiri, unaweza tu kutunga yako.

Na nywele zetu? Hizo nyimbo zote ni za nywele za kuruka

Kweli, na nimekaa nikilifikiria hili tangu nikiwa mtoto wa matuta kwa ule mlango. Wimbo wa Sunsilk umefuata nywele zinazobembea. Zetu hazibembei hivyo, na zina muziki wao. Ingia Kenyatta Market Jumamosi asubuhi, kabla hata hujafika kwa wenye nyama choma umeshashikwa mkono, "kuja nikusuke," na ukikaa pale sikiliza: wasusi wawili watatu kwa kichwa kimoja, mikono inaenda kwa mapigo, draya inavuma kule nyuma, mtu anagonga kitana kwa kiti, maji yanamwagwa kwa karai, alafu stori. Stori ndio ngoma yenyewe. Kusukwa braidi ni masaa, kuosha na blodrai ya nywele asili ni nusu siku, hiyo si sekunde 30 za upepo. Mapigo yake ni ya kukaa, ya kurudia, ya mkono juu ya mkono, kitu karibu na ile besi ya Pachelbel kuliko violini za Barry.

Na biashara ipo, tembea Dubois Road uone. Chapa ya vipodozi ya Nice & Lovely ilianzishwa na Mkenya, Paul Kinuthia, kwa kampuni yake ya Interconsumer Products, ikakua hadi L'Oréal wakainunua 2013. Ndio wale wale wa Dop ya kuimba redioni. Kwa hivyo pesa imeona nywele zetu, maabara zimeona nywele zetu. Mtunzi ndiye amebaki.

Naweza kuchukua wimbo wa msanii niweke kwa tangazo la saluni yangu?

Bila ruhusa, hapana, hata kama ni sekunde tano. Hiyo ya ati sekunde chache ni bure haiko kwa sheria, sijui nani aliianzisha.

Kila wimbo uliorekodiwa una vitu viwili ndani yake. Kuna utunzi, yaani melodi na maneno, wenyewe ni mtunzi au kampuni inayomsimamia. Alafu kuna rekodi yenyewe, ile sauti unayoisikia, mwenyewe ni aliyeigharamia, produsa au lebo. Ukitaka kutumia rekodi kwa tangazo unaenda kwa wote wawili. Ukiamua kuimba upya na watu wako, unahitaji ruhusa ya mwenye utunzi tu, na ndio maana wengine hupitia hiyo njia.

Usichanganye na ile leseni ya kucheza muziki ndani ya saluni wateja wakikaa. Hiyo inatoka kwa mashirika ya kukusanya mirabaha na inakuruhusu kucheza hapo ndani, haikuruhusu kuunganisha wimbo na bidhaa yako kwa redio au kwa video ya TikTok ya biashara. Nimeona mwenye saluni akishikwa na hii, alikuwa na leseni imebandikwa ukutani vizuri kabisa, akajua iko sawa, akaweka wimbo wa msanii kwa tangazo na wakili wa msanii akamwandikia barua. Ilibidi alipe na tangazo litolewe. Ukiwa na swali, Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, ndio mahali pa kuuliza.

Na za zamani kama Pachelbel?

Utunzi ni huru. Kwa sheria yetu ya hakimiliki ya 2001 utunzi unalindwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Lakini rekodi ya okestra ya juzi ina wenyewe, rekodi hulindwa miaka 50 tangu ifanywe. Tafuta mpigaji wako wa violini, wapo wengi na wazuri hapa Nairobi, mlipe, urekodi yako.

Nakumbuka melodi tu, jina sina. Nitaupataje?

Kama unacheza saa hiyo, tumia Shazam, programu ya simu inayosikiliza wimbo na kukutajia jina. (Ilianza Uingereza 2002 ikiwa namba ya simu tu, unapiga 2580 unainua simu kwa spika.) Kama uko kwa kichwa tu, programu ya Google tangu 2020 inakubali uimbe au upige mluzi, sekunde 10 hadi 15 hivi. Imba ile sehemu ya kuitikia, usiimbe maneno ya kubahatisha, sema la la la tu, juu inafuata melodi. Majingo ya zamani kabisa ya hapa kwetu hayapatikani hivyo. Hayo ni kuuliza wazee waliokuwa studio, na ukimpata mmoja mrekodi kwa simu siku hiyo hiyo.

Nataka kutunga ya saluni yangu, nianzie wapi?

Anza na mistari miwili ya vile watu wanaongea. Nikuonyeshe na moja yangu, niliitunga nikikumbuka mama akituosha vichwa Jumapili jioni, karai, birika pembeni:

*Maji ya moto, mikono ya mama,*
*kichwa chepesi na moyo mwepesi.*

Isome kwa sauti na upige meza kila penye mkazo. MAji ya MOto miKOno ya MAma. Umeona? Ni tatu tatu tayari, sijailazimisha, Kiswahili chenyewe kimeiweka hivyo. Sasa hesabu. Ukienda mwendo wa mapigo 96 kwa dakika, sekunde 30 ni mapigo 48, ukigawa kwa tatu, yaani kila kipimo mapigo matatu, ni vipimo 16. Mstari mmoja hapo unakula vipimo vinne, sekunde saba na nusu. Kwa hivyo una nafasi ya mistari minne. Tatu ni za wimbo, wa nne ni jina la saluni na mahali iko, na mkazo wa jina uangukie pigo la kwanza, hiyo usiniachilie hata kidogo.

Usiweke bei, bei hubadilika na jingo litakaa. Usiweke watu watano kuimba kama una maikrofoni moja, sauti moja safi inatosha. Na ukija kurekodi, kuja na sauti za saluni yako kwa simu, maji yakimwagwa, draya, wale wasusi wakicheka kule nyuma bila kujua unawarekodi, alafu uwaombe ruhusa. Tutaweka maji yale mwanzo, sekunde mbili, chini ya mstari wa kwanza.